Lubumbashi: Mwenda wa Bayeke wa miaka ya mwisho, tumsikilize ama tumwache?

Katika parseli moja ya komini ya Kenya, mjini Lubumbashi, kuna ubishi ulioanza mwezi wa nane na haujaisha. Si ubishi wa kodi, wala wa zamu ya kuchota maji. Ni wa gitaa. Mzee mwenye parseli, mustaafu wa reli mwenye miaka 80, anashikilia kwamba Mwenda Jean Bosco alimaliza kazi yake zamani, wakati wa sahani za gramafoni, na kwamba yote aliyorekodi baadaye ni ya kuwafurahisha wageni. Binti wa mdogo wake, ambaye alimfikia mwaka huu akiwa na watoto watatu na begi mbili, anakataa.

Binti huyo alitoka Bukavu. Mji ulipoanguka mikononi mwa M23, mwezi wa pili 2025, alibaki kwanza, kisha akashuka Uvira, akapanda mashua mpaka Kalemie, na kutoka Kalemie akaja kwa barabara. Hakuwa amemuona baba yake mkubwa tangu utoto. Alijua jina la avenyu tu, na namba ya simu ambayo ilikuwa imezimwa. Ni majirani waliomfikisha mlangoni.

Siku ubishi ulipoanza ilikuwa Jumapili. Kuran ilikuwa imekatika, bukari iko motoni juu ya makala, na kijana wake mkubwa alikuwa amerudi sokoni na karti ya simu iliyojazwa nyimbo za zamani. Muuzaji alikuwa amemwekea kila kitu alichokuwa nacho chenye jina la Mwenda. Kijana akafungua wimbo wa kwanza uliojitokeza. Gitaa likaanza taratibu, safi, kila uzi unasikika, na juu yake sauti ya mtu mzima isiyo na haraka.

Mzee akasikiliza kidogo. “Zima,” akasema. “Ile hapana Bosco. Ile ni muzee anakumbuka Bosco.”

Kwa wasiojua, lazima turudi nyuma kidogo. Mwenda alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, katika nchi ya Bayeke. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine yake ya kurekodi, alimkuta Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Wakati ule Mwenda alikuwa kijana wa miaka 22. Kati ya nyimbo alizompigia kulikuwa na “Masanga”, na sahani ile ikatembea kuliko yeye mwenyewe: Rhodesia, Kenya, Uganda, Tanganyika. Wapiga gitaa wa Nairobi waliisikiliza mara mia wakitafuta mtu wa pili anayempigia. Hakuwapo. Zilikuwa vidole viwili vya mkono mmoja, dole gumba likibeba besi na kidole cha shahada kikicheza juu.

Hiyo ndiyo sauti ambayo mzee aliizoea. Gramafoni ilikuwa ya mjomba wao. Sahani moja ilikuwa na dakika tatu hivi kila upande, na watoto walikatazwa kuigusa. Yeye na mdogo wake walikaa chini ya dirisha kusikiliza, kisha wakajaribu kupiga kwa gitaa la bati na nyuzi za breki ya baiskeli. Mzee aliacha baada ya mwaka. Mdogo wake hakuacha.

Sasa, mzee ana haki katika jambo moja, na ni vizuri kumpa. Kasi ile ya 1952 haikurudi tena. Ukiweka “Masanga” ya Jadotville halafu ukasikiliza rekodi aliyofanya Afrika Kusini mwaka 1988, mtu wa miaka 58, tofauti inaonekana mara moja. Kijana anakimbia na hajali kama utamfuata. Mzee anakungojea. Anayetafuta vidole tu, aende kwa kijana na asirudi. Tena zile rekodi za mwisho zilisikika zaidi ng'ambo kuliko nyumbani: albamu ile ya 1988 ilitoka Marekani mwaka 1994, wakati Mwenda alikuwa amekufa tangu 1990 katika ajali ya gari huko Zambia. Lubumbashi imeipata kama inavyopata vitu vingi, kwa karti ya sokoni, bila picha na bila maelezo.

Lakini kusema ilikuwa muziki wa kufurahisha wageni tu, hapo mzee amevuka. Wageni walikuwako tangu mwanzo, maana hata aliyemrekodi Jadotville alikuwa mgeni. Mwaka 1969 Mwenda alialikwa kwenye tamasha la Newport, Marekani, na mwaka 1982 akapiga Ulaya, na mahali pote hapo aliimba Kiswahili chetu hiki hiki cha huku.

Halafu kuna habari ya jina. Aliyerekodiwa 1952 ni Jean Bosco. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya Kikristo, na mwenye gitaa akajulikana kama Mwenda wa Bayeke. Mzee hulitamka jina hilo la pili kama mtu anayesoma karatasi ya serikali. Jirani wa upande wa pili wa ukuta, mwalimu wa zamani ambaye huja kila jioni na kiti chake mwenyewe, alimjibu: “Baba, Élisabethville ilikuwa Lubumbashi. Katanga ilikuwa Shaba, ikarudia Katanga, na leo ni Haut-Katanga. Weye ulihama?”

Mwalimu huyo ndiye aliyeleta na habari ya Franco. OK Jazz ilianza Kinshasa mwaka 1956, akasema, na “Mario” ilitoka 1985, miaka 29 baadaye, miaka minne kabla ya Franco kufa. Kama watu wangeacha kumsikiliza Franco alipoanza kuwa mzito, nani angeimba “Mario” kwenye matanga na kwenye ndoa? Mzee akajibu kwamba Franco alikuwa na watu zaidi ya ishirini nyuma yake, na orkestra inaweza kuwekewa damu mpya, lakini mtu mmoja na gitaa moja atapata wapi vidole vipya? Ni hoja nzuri. Mwalimu hakuwa na jibu usiku ule. Akachukua kiti chake akaenda kulala.

Jibu lilitoka jikoni, siku nyingine, na halikutolewa kama jibu. Binti alikuwa anatwanga sombe. Mwanawe alikuwa amefungua tena ile rekodi ya 1988, kwa sauti ndogo kwa sababu ya mzee. Mama mtu akaacha kutwanga.

“Hapa,” akasema. “Papa alikuwaka anapiga vile.”

Baba yake, yaani mdogo wa mzee, alihama Lubumbashi mwaka 1974 kufuata kazi Bukavu, akaoa huko, akazeeka huko. Alirudi mara mbili tu. Alikufa 2019, na mzee hakufika kwenye matanga, kwa kuwa tiketi ya ndege ilikuwa bei ya miezi mingi ya pensheni. Kwa hiyo mzee alimjua mdogo wake kama kijana wa vidole vya haraka. Binti alimjua mtu mwingine: baba mwenye viungo vinavyouma wakati wa mvua, ambaye alikaa jioni kwenye baraza akizipiga nyimbo za Bosco polepole, akipunguza pale ambapo mkono ulikataa. Gitaa lake lilibaki Bukavu, juu ya kabati. Hajui kama nyumba bado ina mlango.

Alipoisikia mara ya kwanza “Masanga” ya 1952, hapa Lubumbashi, aliona kama wimbo mwingine. “Ilikuwa inanipita,” anasema. Ile ya mwisho ndiyo aliyoitambua.

Mzee alikuwa amesikia yote kutoka nje, chini ya mwembe. Hakusema kitu mpaka chakula kikaliwa. Kisha akaita kijana alete simu. Akaishika karibu na sikio, jinsi wazee wanavyoshika redio, akasikiliza mpaka mwisho, akaomba irudiwe.

“Pale,” akamwambia binti, “pale katikati, anashuka na besi. Mudogo yangu alipiga bile?”

“Hapana, Baba mukubwa. Pale alikuwaka anakosea. Kila siku.”

Mzee akacheka mpaka akakohoa. “Hata wakati ya butoto,” akasema, “ni pale pale.”

Hajabadilisha neno lake. Jumapili iliyopita alimwambia mwalimu tena kwamba Bosco ni yule wa Jadotville, na wengine wote ni wazee wanaomkumbuka. Ila simu ya kijana sasa hulala chumbani kwake, na asubuhi betri yake huwa imeisha.