Soksi ya Mguu wa Kulia

Nilikuwa mwaka wa tatu kati ya mitano ya kusomea ubingwa wa upasuaji wa mifupa, hapa Marekani, nilipopangiwa miezi mitatu kwenye hospitali ya maveterani. Walionitangulia walinipa moyo: huko utashika kisu. Kweli. Kwenye hospitali ya chuo unaweza kusimama saa tatu nzima umeshikilia tu vyuma vya kupanulia kidonda. Kwa maveterani, bingwa husimama upande wa pili wa meza, na wewe ndiye unayekata mfupa na kupachika goti la bandia kabla saruji haijaganda. Utaratibu huo ni wa tangu 1946, baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwisha na majeruhi kuwa wengi, hospitali hizo zilipofungamana na vyuo vya udaktari. Mmoja wa walioupigania ni Paul Magnuson wa Chicago, naye bingwa wa mifupa.

Nilifika na njaa ya kupasua, nakiri. Kila aliyeingia kliniki nilimwona goti kabla sijamwona uso.

Akaja mzee aliyepigana Vietnam, anachechemea na fimbo. Goti la kulia linamuuma hata usiku halali. Eksirei ilionyesha gegedu la goti limelika. Nikalibonyeza, nikalikunja, nikaridhika. Nikamwambia tutalibadilisha. Alifurahi, akanishika mkono. Mkewe akapiga magoti kumvika soksi. Niliona, wala sikuelewa.

Bingwa alipoingia aliitazama ile soksi.

"Mama, tangu lini unamvika?"

"Huu mwaka wa pili."

Akanigeukia. "Nyonga umeipima?"

Sikuwa nimeipima. Akamlaza mzee chali, akamkunja mguu taratibu, kisha akauzungusha kwa ndani. Goti lenyewe hakulipinda zaidi, ni nyonga tu iliyozunguka. Mzee akakaza meno, akajishika goti. "Hapo hapo! Ndiyo maumivu yangu!"

Kuna neva inayopeleka matawi kwenye nyonga na gotini pia, hivyo nyonga ikichakaa, goti linaweza kuwa ndilo linalolia. Nililisoma hilo, nikalijibu hata kwenye mtihani. Eksirei ya nyonga ikatoka: mfupa unasaga mfupa. Ningemfungua goti, angeamka na maumivu yale yale, na kovu juu yake.

Bingwa hakunikemea. Alinirudisha ndani nimweleze mzee kwa kinywa changu kwamba nilikosea. Nilimweleza. Akanyamaza kidogo, akasema, "Afadhali umeniambia mapema." Usiku ule usingizi ulinipita.

Siku ya upasuaji wa nyonga niliandika herufi za kwanza za majina yangu kwenye paja lake, yeye akiwa macho, ananitazama. Nilikuwa nimeshaandika hivyo kwa wagonjwa wengi. Safari hii mkono ulitetemeka.

Siku hizi eksirei naifungua mwisho. Naanza na salamu, jambo ambalo kwetu Morogoro ningechapwa kulisahau mbele ya mzee. Kisha nauliza: viatu unavaaje? Ngazi unapandaje? Nyumbani nani anakusaidia? Nazungusha nyonga ya kila anayelalamikia goti.

Miezi yangu mitatu ilipokaribia kwisha, mzee alirudi. Nilipomaliza kumpima, mkewe aliinama kuokota soksi, naye akamzuia kwa mkono. Akaivaa mwenyewe, polepole, akivuta kisigino mara mbili. Mama alisimama na mkoba wake kifuani, hasemi kitu.