Mkono wenye Hina

Nina sarafu moja ya Kirumi, dinari ya fedha isiyofika gramu 4. Niliinunua kwa sababu ya nywele, si historia. Msichana anatazama kulia, nywele zake zimefungwa kisogoni kwa ustadi ambao msusi yeyote angeusifu. Jina lake limemzunguka: Plautilla Augusta.

Upande wa pili amesimama na mumewe, Caracalla, wameshikana mikono. Maneno ya Kilatini, PROPAGO IMPERI, yanaahidi kizazi cha kuurithi utawala. Walioana mwaka 202. Baba yake, Plautianus, alikuwa mkuu wa walinzi wa Kaisari Septimius Severus, baba wa bwana harusi. Mwanahistoria Cassius Dio, aliyekuwepo Roma, anasema mali aliyokuja nayo bibi harusi ingewatosha wanawake 50 wa kifalme. Bwana harusi hakumtaka hata hivyo. Alimchukia yeye, akamchukia na baba mkwe.

Mwaka 205 Plautianus aliuawa, Plautilla akahamishiwa kisiwa cha Lipari. Severus alipofariki mwaka 211, Caracalla akaamuru auawe.

Roma lipo lango la mawe ambalo wafanyabiashara wa fedha na wa ng'ombe walilijenga mwaka 204 kuiheshimu familia hiyo. Caracalla bado anaonekana akitoa sadaka. Pembeni yake, walipochongwa mke na baba mkwe, jiwe ni tupu. Patasi ilipita.

Nilipoiona picha ya pengo lile nilimkumbuka shangazi. Alipoachika, wakwe zake walimkata kwa mkasi kwenye picha ya harusi iliyokuwa sebuleni kwao. Mkataji alikuwa na haraka, maana mkono wenye hina ulibaki, umeshika kiwiko cha bwana harusi. Ila mpiga picha alikuwa ameshauza nakala mtaa mzima, na kwa jirani yetu mmoja shangazi bado anacheka kwenye fremu.

Dinari za Plautilla nazo zilikuwa zimeshatawanyika. Zilishalipa askari, zikaingia vibindoni na vyunguni. Nani angepita nyumba kwa nyumba na patasi?

Likizo iliyopita nilimpelekea shangazi sarafu yangu, nikamsimulia yote. Alivaa miwani, akaisogeza dirishani, akaupapasa ule uso kwa kidole gumba.

"Kasukwa vizuri," alisema.

Akanirudishia bila kuigeuza.