Kitabu cha Getini

Kitambulisho, wengi wetu bado twakiita kipande. Neno limebaki tangu ukoloni. Sheria ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia: wanaume Waafrika wa miaka 16 kwenda juu walitembea na karatasi zao ndani ya kikebe cha chuma, wamekining'iniza shingoni.

Kwa sisi wa Mji wa Kale, kukipata hakukuwa mchezo. Ukiwa na jina la Kiarabu, au la ukoo ambao karani haujui, ulikuwa ukiambiwa ulete cheti cha baba, cha babu, na mzee wa mtaa aje akushuhudie. Mie niliketishwa mbele ya kamati nikaulizwa babu yangu alizaliwa wapi na kazikwa wapi. Nikajibu. Ikapita miezi ndipo nikapewa.

Sasa angalia namba hiyohiyo inavyotunzwa ukishaipata. Ingia jengo lolote Moi Avenue, askari akusukumia kitabu: jina, namba ya kipande, namba ya simu, sahihi. Huku waandika zako, wasoma za waliokutangulia. Anayekuja nyuma atazisoma zako. Kwa wakala wa M-Pesa ilikuwa vivyo hivyo. Na kuna siku nilinunua karanga Marikiti, zimefungwa kwa fotokopi ya kipande cha mama mmoja. Sura yake, tarehe ya kuzaliwa, wilaya, vyote vipo.

Mwizi hahitaji mengi zaidi ya hayo. Akipata laini kwa jina lako, akakopa nayo, anayedaiwa ni wewe.

Na si wezi wa mtaani tu. Juni 2021, msajili wa vyama vya siasa alipowawezesha watu kuangalia uanachama wao mtandaoni, Wakenya wengi walijikuta ni wanachama wa vyama wasivyojiunga navyo. Mie nilikuwemo kwenye kimoja. Serikali ilitaka kaburi la babu ndipo iniamini; chama kilihitaji namba tu.

Sheria ipo, manake ile ya kulinda data ilipitishwa 2019. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikasema kadi za Huduma Namba zilitolewa kinyume cha sheria, kwa kuwa serikali haikupima kwanza hatari kwa data za watu. Ni hukumu nzuri, ila haijafika kwenye kile kitabu cha getini.

Basi twajilinda tunavyoweza. Kama laini yako ni ya Safaricom, piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kipande chako. Ukitoa fotokopi, iandike juu kwa kalamu ni ya kazi gani na tarehe gani, isije ikatumika kwingine. Na muulize askari: kitabu hiki kikijaa, hupelekwa wapi? Mie huuliza kila mara. Mpaka leo sijapata anayejua.