Kuchelewa Si Kuzidi

Deni la babu yangu lilizaliwa miezi mitano baada ya yeye kuzikwa. Halikuja kwa barua. Lilikuja kupitia kwa mzee wa kijiji, ambaye naye alitumwa na mtu wa ofisi fulani, aseme kwamba familia yetu "ilikula" shilingi 8,000 za marehemu na inafaa kuzirudisha. Tusiporudisha, pesa za nyanya nazo zitashikwa.

Pesa zenyewe ni zile ambazo kwetu, upande wa Nyamira karibu na Keroka, kila mtu huziita pesa ya wazee. Jina rasmi ni Inua Jamii. Mnamo 2018 mpango huo ulifunguliwa kwa Wakenya wa miaka 70 na zaidi wasiopokea pensheni, na aliyesajiliwa hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa kawaida zilikuwa zikilipwa kila baada ya miezi miwili, 4,000 kwa mpigo. Kwa kawaida, nimesema. Kuna nyakati miezi hurundikana bila kitu, halafu siku moja habari inaenea kwamba zimeingia, na Keroka inajaa mikongojo asubuhi na mapema.

Kwa msee wa Nairobi thao mbili ni jioni moja na marafiki. Kwa Magokoro, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Ekegusii, ni dawa ya presha, sukari, sabuni, na kitu cha kuweka kwa sadaka bila kumwomba mtoto yeyote. Hiyo ya mwisho ndiyo kubwa.

Sasa hesabu. Babu alifariki mwanzoni mwa Machi. Mwezi wa Mei zikaingia 8,000. Baba mdogo, aliyekuwa amesajiliwa kama msaidizi wake tangu magoti yakatae safari ya kwenda kwa ejenti, akaenda akazitoa kama alivyozoea, akamlipa fundi wa jeneza salio lake. Ofisi ilichukua tarehe mbili ikaziweka kando kwa kando: mtu alikufa Machi, pesa ziliingia Mei, kwa hivyo maiti imelipwa. Kwisha.

Lakini hizo 8,000 zilikuwa za Novemba, Desemba, Januari na Februari. Miezi hiyo yote minne babu alikuwa hai, akikohoa, akiuliza kila wiki kama kuna habari ya pesa. Zilichelewa kuliko yeye. Kuchelewa si kuzidi.

Ungedhani jambo jepesi hivyo lingeisha kwa dakika tano. Shida ni kwamba deni, hata la uongo, likishatamkwa kijijini huwa limeshaanza kudai. Watu walianza kumtazama baba mdogo kwa lile jicho, maana kidole kilichowekwa kwa mashine kilikuwa chake. Naye, kwa uchungu, akasema tulipe tu yaishe. Magokoro alikuwa ameshaamua zamani.

"Uzeni ile ndama," alisema. "Sitaki jina la mzee wangu liitwe kwa ofisi."

Nilimwelewa. Siku ya mazishi baba mdogo alisimama mbele ya watu akauliza kama kuna yeyote anayemdai marehemu, ajitokeze. Mwenye duka alitaja mia tatu, akalipwa hapo hapo. Kwa Magokoro, hapo ndipo mumewe alipofunga hesabu yake na dunia. Kuja baadaye na deni jipya ni kama kufukua.

Na sisi Waswahili wa kuazima tumefundishwa shuleni kwamba dawa ya deni ni kulipa. Sawa. Lakini kwanza liwe deni. Hiyo methali haikutungwa kwa ajili ya mtu anayeambiwa anadaiwa bila kuonyeshwa kitu.

Nikapanda gari Nairobi, Narok, Bomet, Sotik, nikashuka Keroka. Siku iliyofuata tulienda ofisini, Magokoro akiwa amevaa nguo ya kanisa. Afisa alikuwa mpole, hata akamtafutia kiti. Nikamuuliza swali moja: hizo pesa zilikuwa za miezi gani?

"Kijana, wewe umesoma. Unajua sistemu haidanganyi."

"Sijasema inadanganya. Nauliza za miezi gani."

Hakuwa na jibu. Nikaomba madai hayo kwa maandishi: kiasi, miezi, na sheria inayoruhusu pesa za mjane zishikwe kwa ajili ya marehemu. Hapo upole ukapungua. Akasema mambo ya barua yataleta kelele bure, 8,000 si pesa ya kupelekana hivyo. Nilitamani aseme hivyo akimtazama Magokoro.

Barua ina maana kuliko ninavyoweza kueleza. Deni la mdomo haliwezi kupingwa, kwa sababu kila ukilishika linabadilika. Leo ni 8,000, kesho ni 10,000, keshokutwa aliyesema hakusema. Ndiyo maana Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi za umma kwa njia halali na kwa utaratibu wa haki, na kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi unapomuumiza. Kuna sheria nzima ya 2015 ya kutekeleza kifungu hicho. Na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu ombi la habari. Haya si mambo ya mawakili pekee. Ni karatasi moja, tarehe, na nakala iliyogongwa muhuri.

Tuliandika yetu. Kule Kisii mjini tulipata stetimenti ya benki. Stetimenti haitaji miezi, inaonyesha tu tarehe ya kuingia, kwa hivyo tukaisoma kwa mapengo. Desemba ziliingia 4,000, zilizokuwa za Septemba na Oktoba. Kuanzia Januari hadi Aprili, kimya. Kisha Mei, 8,000. Magokoro, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la tatu, alizihesabu kwa vidole bila kunisubiri. Vidole vinne. Akanyamaza, halafu akasema: "Kwani walikuwa wanatudai, ama sisi tulikuwa tunawadai wao?"

Swali hilo ni la dunia nzima. Uholanzi, maelfu ya wazazi walidaiwa warudishe ruzuku za malezi ya watoto, wengine kwa kosa dogo la fomu. Familia zikafilisika, na Januari 2021 serikali ya Mark Rutte ikajiuzulu kwa ajili hiyo. Australia, kompyuta zilichukua mapato ya mtu ya mwaka mzima, zikayagawa sawasawa kwa kila wiki mbili, kisha zikawadai watu madeni ambayo hayakuwepo. Hiyo ni hesabu ya ofisi yetu kabisa, ya kuchanganya lini pesa ilipatikana na ilikuwa ya lini. Tofauti ni kwamba wao walitumiwa barua. Waliweza kwenda nazo mahakamani.

Ofisi haikutujibu kwa maandishi. Mwezi uliofuata pesa za Magokoro ziliingia kama kawaida, na mzee wa kijiji akaleta ujumbe mwingine wa mdomo: tuachane na hayo maneno. Baba mdogo alicheka kwa mara ya kwanza tangu Machi. Ndama bado yuko.

Mimi nimeandika barua ya pili. Naomba waseme, kwa karatasi, kwamba marehemu hadaiwi. Baba mdogo anaona natafuta vita iliyokwisha. Lakini lililokuja kwa mdomo na kuondoka kwa mdomo linajua njia ya kurudi, na safari ijayo huenda wasimkute mtu wa kuhesabu vidole. Magokoro ameniunga mkono. Amesema jibu likija nisimtumie picha kwa simu. Anataka karatasi yenyewe, aiweke ndani ya Biblia pamoja na kile kibali cha mazishi.