Kibonzo Ukutani mwa Duka

Waliolonga kuwa nyani haoni kundule hawakukosea. Mimi, mwanafunzi wa uzamili ninayeshughulikia tashtiti katika fasihi, nilifunzwa methali hiyo na kibonzo cha gazeti.

Ilikuwa Mei 2017. Ukame ulikuwa umeathiri mavuno, bei ya unga wa mahindi ikapaa, na serikali ikatoa ruzuku ili pakiti ya kilo mbili iuzwe kwa shilingi 90. Sheria ya kudhibiti bei za bidhaa muhimu ilikuwako tangu 2011. Hata hivyo, unga ukaadimika madukani. Siku moja niliona gazetini kibonzo cha mlanguzi mwenye kitambi kama gunia, ameketi juu ya shehena ya unga. Kando yake askari anakoroma, rungu likiwa ndilo mto wake. Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Nikakikata na kukibandika ukutani mwa duka la mama.

Mama alikitazama kwa kitambo. Hakucheka.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni walanguzi, mama."

"Na zile pakiti zilizo chini ya kaunta, mwanangu, ni za nani?"

Nilinyamaza. Zilikuwa tisa. Jana yake nilikuwa nimewauzia wateja watatu pakiti mojamoja kwa shilingi 130, karo yangu ikiwa bado inadaiwa. Asubuhi hiyo askari alikuwa amepita. Nilimpa pakiti mbili bila malipo, naye akaenda zake bila kuuliza lolote.

Darasani twafundishwa kuwa chuku huukuza uovu ili uonekane. Ni kweli. Lakini kitambi kile ndicho kilichonificha: kwa kuwa nilikuwa mwembamba, niliamini nachekwa mwingine. Wachoraji mahiri kama Gado na Maddo wametuzoesha kuwacheka wakubwa, na ni haki yetu kuwacheka. Ila uhakiki wetu aghalabu hukomea kwa mchoraji na mchorwa, ukamsahau mtazamaji. Tashtiti isiyomrudia anayecheka humwacha ameburudika tu, na kesho yake akaendelea kulangua.

Pakiti tisa tuliziuza kwa shilingi 90 mchana huo huo. Mama alikataa kibonzo kibanduliwe. Wale wateja watatu, hata hivyo, sikuwahi kuwarudishia arobaini zao.