Kutafuta Kipimo Ukiwa Laela

Miaka ya tisini, mwalimu wa Laela aliyetaka kipimo cha kisaikolojia kwa ajili ya utafiti alianza na bahasha. Alimwandikia mtunzi wa kipimo huko ng'ambo, akaomba nakala na ruhusa, akaipeleka barua posta ya Sumbawanga kwa barabara ya vumbi ambayo masika iligeuka tope. Majibu yalichukua miezi, yakija.

Mimi nilikuwa na nafuu kidogo kwa kuwa nilisoma uzamili pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na sisi wanafunzi tulipeana kopi. Michoro ya Raven, kipimo cha mwaka 1938, niliipata ikiwa kopi ya kopi, mistari myembamba imefutika. Mtoto anatakiwa kuchagua kipande kinachokamilisha mchoro, na mchoro wenyewe nusu hauonekani! Kitabu cha maelekezo ndicho hakikupatikana kabisa, nacho ndicho kinachosema alama hizo zinalinganishwa na za watoto wa wapi.

Maktaba nikakuta makala ya Robert Serpell ya mwaka 1979. Serpell alifundisha Chuo Kikuu cha Zambia, yaani kwa majirani zetu. Aliwapa watoto wa Lusaka na wa Manchester kazi ya kunakili maumbo. Kwa kalamu na karatasi, wa Manchester waliongoza. Kwa waya, wakaongoza wa Lusaka. Kwa udongo, wakalingana.

Niliisoma nikiwafikiria watoto wa kwetu na magari yao ya waya. Usukani unasimama juu ya kijiti kirefu ili mwenye gari aliendeshe akikimbia wima, na ukiuzungusha, magurudumu ya mbele yanakata kona kweli. Mtoto huyo anapinda waya kwa meno na jiwe, bila kielelezo chochote mbele yake. Mpe penseli darasa la kwanza, achore duara lisilofunga, na ataitwa mzito. Hilo liliniuma, na linaniuma hadi leo. Huko Zambia kulitengenezwa pia kipimo kiitwacho Panga Munthu, ambamo mtoto anafinyanga mtu kwa udongo.

Kisha mambo yakaenda mbio. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga ikapita hapa Laela, simu zikaja na intaneti yake. Dodoso la sonona la PHQ-9, lenye maswali tisa, lilitoka mwaka 2001 na hulipii wala huombi ruhusa. Mwaka 2011 chama cha wanasaikolojia wa Marekani kikafungua hazina ya vipimo ya PsycTESTS. Leo kijana anapakua dodoso akiwa kwenye bajaji.

Ndiyo maana swali langu kwa vijana hao limehama. Siulizi tena dodoso umelipata wapi. Nauliza limejaribiwa kwa nani. Mwaka 2002 Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha matokeo ya kupima orodha ya dalili ya Hopkins kwa wajawazito wenye VVU Dar es Salaam. Kwingineko alama ya kuhesabiwa una dalili ilikuwa 1.75, kwao iliyofaa ilikuwa 1.06. Ukibeba ile ya kwingineko bila kuuliza, wanawake wengi wenye shida watarudi nyumbani wameandikwa wazima. Na kazi za namna hiyo zipo karibu: Muhimbili, Kilifi, Bagamoyo. Utafutaji uanzie huko.

Muuguzi mmoja kijana alinijia mwezi wa kwanza. "Shikamoo mwalimu, dodoso nimeshalipata." Alikuwa na PHQ-9 ya Kiswahili, iliyokwisha kupimwa Tanzania, na nilifurahi. Tukalisoma pamoja, swali kwa swali, hadi lile la kuchoka na kuishiwa nguvu katika wiki mbili zilizopita. Ulikuwa msimu wa palizi. Akina mama wa hapa walikuwa shambani tangu alfajiri, mtoto mgongoni, na karibu kila mmoja angejibu kwamba amechoka kila siku. Tuliongea sana juu ya hilo. Mwishowe aliamua kuwahoji palizi ikiendelea, kisha awarudie akina mama walewale baada ya mavuno, aone ni nani ambaye uchovu wake haukuondoka na jembe.