Swali Nililolificha

Mimi ni mtoto wa Mbuya, kile kilima kilichoko mashariki ya Kampala. Tangu udogo wangu nalipanda kwenda kanisani kila Jumapili pamoja na mdogo wangu, tukishindana nani atafika kwanza.

Nilipokuwa kidato cha pili, mdogo wangu alishikwa na malaria. Mama alisali, majirani walisali, nami nalipiga magoti usiku kucha. Siku ya nne akafariki. Umri wake ulikuwa miaka saba.

Watu walitufariji wakisema kwamba ni mapenzi ya Mungu. Neno hilo lilinichoma. Nalijiuliza: kama Mungu alitusikia, mbona alinyamaza? Na kama hakutusikia, nasali kwa nani? Sikumwambia mtu, maana naliogopa kumpa mama msiba wa pili. Basi nikaendelea kupanda kilima, nikaimba na kuitikia sala zote, lakini kwa midomo tu.

Hata nikachoka na uongo wangu. Nalikwenda kwa padre mmoja mzee nikamweleza yote, nikitazamia kukemewa. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, Yohana Mbatizaji alipokuwa gerezani, alituma watu kumwuliza Yesu nini?"

Nalikumbuka. Aliuliza kama Yesu ndiye aliyetazamiwa, au wamngoje mwingine.

"Basi, aliyembatiza Bwana ndiye aliyeuliza," padre akasema. "Wala Yesu hakumkasirikia. Aliwaambia wale wajumbe warudi wakamweleze waliyoyaona na kuyasikia."

Nikamjibu, "Lakini Padre, Yohana hakutolewa gerezani. Alikatwa kichwa."

"Kweli," akasema. "Hakutolewa." Hakuongeza neno la kuipamba habari ile. Kwa kuwa hakunidanganya, naliweza kumsikiliza aliponiambia, "Wewe umekwisha kuuliza. Sasa nenda ukaone."

Parokiani kwetu ilianzishwa mwaka 2001 kazi iitwayo Reach Out, ya kuwatunza watu wenye Ukimwi, na tangu hapo kuwatembelea wagonjwa si jambo geni Mbuya. Siku za Jumamosi nalifuatana na mama mmoja wa jirani, mjane aliyezika watoto wawili, kwenda kuwatazama wagonjwa upande wa Kinawataka. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kukoroga uji. Siku moja nalimwuliza, "Mama, wewe huna swali kwa Mungu?" Akacheka. "Ninayo mengi, namwuliza kila siku. Lakini uji wa mgonjwa haungoji jibu."

Mwezi wa Juni nalikwenda kwa miguu Namugongo kwa sikukuu ya Mashahidi, tukipitia Kireka na Kyaliwajjala. Njiani nalimfikiri Kizito, kijana wa miaka kama kumi na minne. Karoli Lwanga alimbatiza usiku mmoja wa mwisho wa Mei 1886, na tarehe 3 Juni wote wawili walichomwa moto. Ubatizo wake haukutimiza hata majuma mawili! Zamani nalidhani ya kuwa Mkristo hodari ni yule aliyemaliza maswali yote. Lakini kijana yule angeyamaliza lini? Alimshika Yule aliyemjua, akaenda.

Ndugu zangu, sitawadanganya. Kwa nini mdogo wangu alikufa, sijui hata leo. Ila zamani swali lile lilikuwa ukuta kati yangu na Mungu, na sasa ni neno ninalomwambia Yeye mwenyewe. Jioni moja nalimwambia mama habari hii yote. Akanitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mwanangu, kumbe tulikuwa wawili." Usiku ule tulisali pamoja, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi tulilitaja jina lake.

Wewe uliye na swali la namna hii, usilifiche kama nilivyolificha mimi. Mtafute mtu asiyeogopa kulisikia, kisha utafute mgonjwa wa kumchotea maji.